Kabla buldoza haijafika

Mwaka 1828, mjini Yakutsk huko Siberia, Fyodor Shergin, msimamizi wa Kampuni ya Urusi na Marekani, alianza kuchimbisha kisima uani. Alichotaka ni maji tu. Wachimbaji walishuka mita kumi, wakakuta udongo umeganda. Wakashuka ishirini, hamsini, mia moja. Hali ni ile ile. Walipoacha mwaka 1837 shimo lilikuwa limepita mita 116 na udongo ulikuwa bado haujaacha kuganda. Mwaka 1844 mtafiti Alexander von Middendorff alifika pale akapima joto la udongo kwenye kuta za shimo hilo, tangu juu hadi chini. Huko Ulaya wasomi wengi walikuwa hawasadiki kwamba ardhi inaweza kuganda kwa kina kama hicho. Vipimo vyake viliwapa cha kusadiki.

Kisima cha Shergin hakikumnywesha mtu. Kwa sisi tunaoishi kwa kupima ardhi, hata hivyo, ni mahali pa kuheshimiwa, kwa sababu pale watu waliteremka wakatazama, hawakukaa juu wakabahatisha.

Mimi ni fundi wa vipimo vya barabara, naishi Bukavu, mashariki mwa Kongo. Natembea na mashine ya vipimo, vigingi na daftari mahali ambapo barabara itapita, au ambapo barabara iliyokuwepo imeondoka na mvua. Hapa kwetu hakuna baridi ya kugandisha ardhi. Barafu yetu iko Ruwenzori, juu kabisa, na yenyewe inazidi kupungua. Lakini kwa miaka sasa nasoma kila ninachopata kuhusu namna watu wa Alaska, Kanada, Siberia na Tibet wanavyochunguza ardhi kabla ya kupitisha barabara. Wenzangu kazini huniuliza inanifaa nini. Nawajibu hapa, na nitajibu kwa kirefu.

Wataalamu huita pamafrosti ardhi yoyote, iwe udongo, mchanga au mwamba, inayokaa kwenye nyuzi 0 za Selsiasi au chini yake kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Maeneo yenye ardhi hiyo yanakaribia robo ya nchi kavu yote iliyo kaskazini mwa ikweta. Kaskazini kabisa imetanda bila kukatika, na unene wake kuna mahali unafika mita mia kadhaa. Ukishuka kusini inakuwa ya madoadoa: hapa imo, hatua mia mbele haimo, kisha imo tena. Juu yake kuna tabaka ambalo huyeyuka kila kiangazi na kuganda tena baridi inaporudi. Mahali pengine tabaka hilo lina nusu mita tu, pengine mita mbili. Miti na majani yote ya huko yanajipatia riziki humo.

Kwa mjenzi wa barabara, ugumu wa ardhi iliyoganda si tatizo hata kidogo. Inabeba kamyo lenye mzigo bila kutikisika. Swali lake ni moja: ikiyeyuka itakuwaje? Mwamba unabaki mwamba. Changarawe safi inashuka kidogo, inatulia. Taabu iko kwenye udongo laini, wenye chembe ndogo kuliko mchanga. Udongo huo huvuta maji kutoka chini kuyapeleka pale baridi ilipofikia, na maji yanaganda kwa matabaka, mengine ya milimita moja, mengine ya unene wa kiganja. Mwaka baada ya mwaka barafu inapita kiasi ambacho vitundu vya udongo vingeweza kubeba. Kuna sehemu za Siberia na Alaska ambako barafu ni zaidi ya nusu ya ujazo wa ardhi. Piga hesabu mwenyewe: kama katika mita tatu za udongo mna mita moja ya barafu ya ziada, siku ikiyeyuka uso wa ardhi utashuka karibu mita moja, na kinachobaki ni poto-poto isiyobeba hata mbuzi.

Kuna pia barafu ya kabari. Baridi ikizidi sana, ardhi hujikaza na kupasuka. Theluji ikianza kuyeyuka, maji huingia kwenye ufa na kuganda humo. Mwaka unaofuata ufa unafunguka palepale. Baada ya karne nyingi panakuwa na ukuta wa barafu unaoshuka mita kadhaa, na kuta hizo huungana zikachora juu ya ardhi maumbo ya pembe nyingi, kila moja na upana wa mita kumi hadi thelathini hivi. Mtu aliye kwenye ndege anayaona waziwazi. Anayetembea kwa miguu anaweza kuyakanyaga siku nzima asijue. Barabara ikipita hapo na joto likapenya ardhini, lami inazama kwa mistari, mstari baada ya mstari, na kila gari linapita likiruka.

Jeshi la Marekani liliyajua haya likiwa kazini. Desemba 1941 Japani ilishambulia Pearl Harbor, na Washington ikaogopa Alaska isije ikakatwa na sehemu nyingine za Marekani. Machi 1942 wanajeshi wakaanza kufungua barabara kutoka Dawson Creek, Kanada, kuelekea Alaska, umbali wa zaidi ya kilomita 2,400, katika misitu na vinamasi ambavyo sehemu kubwa havikuwa na ramani ya kutegemewa. Walipelekwa zaidi ya watu 10,000, na karibu theluthi yao walikuwa Wamarekani weusi, katika vikosi vilivyotengwa kwa rangi: cha 93, cha 95 na cha 97. Wengi wao walitoka majimbo ya joto ya kusini. Makamanda kadhaa walisema wazi kwamba hawaamini watu weusi wataiweza kazi hiyo, na kikosi cha 95 kilipokonywa mashine zake nzito zikapewa wazungu. Kikosi hichohicho kikajenga daraja la mto Sikanni Chief kwa siku chache, kwa mikono, shoka na misumeno. Oktoba mwaka ule, karibu na Beaver Creek, buldoza la Refines Sims Jr. wa kikosi cha 97 lilikutana msituni na la Alfred Jalufka wa kikosi cha 18, mmoja mweusi na mmoja mweupe, na picha yao wakipeana mkono ipo hadi leo. Nawasimulia vijana tunaofanya nao kazi habari za kikosi cha 95 kila nikipata nafasi, na nitaendelea kuwasimulia.

Sasa tazama ardhi ilivyowafanya. Mwanzoni walifungua njia kwa desturi ya barabara zote: buldoza linaangusha miti, linakwangua majani, mizizi na mboji, linaacha udongo mtupu, tayari kwa kazi. Kiangazi kikafika. Jua likaupiga udongo ule uliovuliwa, barafu ikaanza kuyeyuka, na njia iliyokuwa ngumu jana ikageuka tope lililomeza magari. Waliendelea kukwangua wakitafuta udongo mkavu, na kila walipokwangua wakafungulia barafu nyingine. Mwishowe wakabadili kazi: miti ikakatwa bila kung'olewa, mosi na mboji vikaachwa palepale, matawi na magogo yakalazwa kukingama juu yake, na changarawe ikamwagwa juu ya magogo. Sehemu zilizojengwa hivyo zilishika.

Mosi ni yale majani mafupi mno yanayotanda chini na kushika maji. Kwa macho ni uchafu wa kuondoa. Kwa kweli ndiyo blanketi la barafu: kiangazi ikikauka inazuia joto lisipenye chini, na baridi ikija, ikiwa imelowa na kuganda, inaruhusu joto litoke. Baada ya vita, mwaka 1946, wahandisi wa jeshi walitenga viwanja vitatu karibu na Fairbanks, Alaska. Cha kwanza hawakukigusa. Cha pili walikata miti, wakaacha mosi. Cha tatu waliondoa vyote. Kisha wakasubiri miaka 26. Kiwanja cha kwanza hakikubadilika. Cha pili ardhi iliyoganda ilikuwa imerudi chini zaidi ya mita 4, na cha tatu zaidi ya mita 6. Sijui jaribio la barabara lililo rahisi kueleweka kuliko hilo, wala lililofanywa kwa subira zaidi.

Basi wanachunguzaje leo? Wanaanza mezani, kwa picha za angani na za setilaiti. Wanatafuta yale maumbo ya pembe nyingi. Wanatafuta maziwa madogo ya mviringo ambayo kingo zake zinabomoka, maana hayo ni mahali barafu ilipokwisha kuyeyuka na ardhi ikazama. Wanatafuta vijito vinavyopanuka na kubana, vikapanuka tena na kubana, kwa kuwa kila upana ni kabari iliyoyeyuka. Wanatafuta vilima vilivyoinuliwa na barafu kutoka chini. Karibu na Tuktoyaktuk, Kanada, kuna kimoja kiitwacho Ibyuk chenye urefu wa karibu mita 49, na hakuna mwenye akili atakayepitisha barabara juu yake. Wanaangalia mteremko unatazama wapi. Huko kaskazini upande unaotazama kusini hupata jua na mara nyingi haujaganda, na upande wa pili wa kilima hichohicho umeganda.

Kisha wanatembea. Hapa ndipo napapenda zaidi, kwa sababu ni kazi ya miguu na macho. Misonobari myeusi, mifupi na dhaifu, ikisimama kwenye kinamasi, ina maana barafu iko karibu, kwani mti ule unaweza kuishi na mizizi isiyoenda chini. Ukiingia kwenye mibetula na misonobari mirefu mieupe kwenye mchanga wa kando ya mto, huenda chini hapajaganda. Na ukikuta msitu ambao miti yake imeinama huku na huku, kila mmoja na upande wake, ujue ardhi inayeyuka wakati huu unapoitazama.

Mkononi wana ufito wa chuma wenye mpini wa kukingama. Mwisho wa kiangazi, tabaka la juu likiwa limeyeyuka hadi mwisho wake, unausukuma ufito chini mpaka ugome, unapima urefu ulioingia, unaandika. Hatua chache mbele unarudia. Aliyezoea anajua kwa mkono na kwa sikio: ukigonga jiwe chuma kinalia, ukigonga ardhi iliyoganda kinatoa mlio mzito, kimezuiwa. Ni chombo cha bei ndogo, na mstari wa vipimo kama hivyo unakuchorea umbo la barafu chini ya miguu yako.

Ufito hausemi barafu ni kiasi gani. Hapo inabidi kutoboa. Mashine inatoa nguzo ya udongo ulioganda, na nguzo hiyo lazima ibaki imeganda mpaka itazamwe: matabaka ya barafu yako wapi, yana unene gani, yamelala au yamesimama. Kisha kipande kinawekwa kwenye chombo kinachoonyesha ndani, kinaachwa kiyeyuke. Udongo unashuka chini taratibu. Juu yake yanasimama maji. Maji yale yaliyosimama juu ndiyo barafu ya ziada, ndiyo senti kwa senti kiasi ambacho barabara itazama. Nimewahi kuyatazama maelezo ya kipimo hiki mara nyingi, na kila mara najiambia kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukifanya jikoni kwao kwa chupa ya plastiki iliyokatwa.

Kati ya shimo moja na lingine wanapitisha umeme ardhini. Barafu inaukinza umeme sana, udongo wa mfinyanzi wenye maji unaupitisha. Lakini mwamba na changarawe kavu navyo vinaukinza, kwa hiyo umeme peke yake unaweza kukudanganya. Lazima uwe na shimo la kuuthibitisha. Na ndani ya shimo wanateremsha uzi wenye vipimajoto, wanauacha mwaka mzima au zaidi. Ardhi yenye nyuzi sita chini ya sifuri ina akiba. Yenye nusu nyuzi chini ya sifuri haina, hata kama kwa ufito zote mbili zinagoma sawasawa.

Wachina walikumbana na jambo hilo kwenye reli ya Qinghai hadi Tibet. Kipande cha Golmud hadi Lhasa, kilomita 1,142, kilifunguliwa tarehe 1 Julai 2006, na karibu kilomita 550 zake ziko juu ya pamafrosti, sehemu kubwa ikiwa ile yenye joto karibu na sifuri. Pale ambapo vipimo vilisema ardhi haitavumilia, hawakubishana nayo. Walijenga daraja juu ya nchi kavu; la Qingshuihe peke yake lina kilomita 11.7. Pengine waliweka tuta la mawe makubwa yenye nafasi kati yake. Baridi ikija, hewa nzito ya juu inazama katika nafasi hizo na kulisukuma joto nje; kiangazi hewa baridi inabaki chini, haina pa kwenda. Pengine walisimika mabomba yaliyofungwa yenye amonia. Majira ya baridi amonia inachemka chini kwa joto dogo la ardhi, inapanda kama mvuke, inapoa juu kwenye hewa ya baridi, inateremka tena ikiwa kimiminika. Kiangazi mzunguko unasimama wenyewe. Hakuna injini, hakuna mafuta. Bomba la mafuta la Alaska, lililoanza kazi mwaka 1977, limesimama juu ya nguzo zenye mabomba ya namna hiyo katika sehemu kubwa ya njia yake.

Kanada walikwenda njia nyingine. Barabara ya Inuvik hadi Tuktoyaktuk, karibu kilomita 138, ilifunguliwa Novemba 2017. Kazi kubwa ya tuta ilifanywa majira ya baridi, ardhi ikiwa ngumu. Walitandika kitambaa cha kihandisi juu ya ardhi iliyoganda, wakamwaga udongo na changarawe juu. Hawakukata kilima, hawakukwangua. Fikiri mhandisi aliyefundishwa maisha yake yote kukata juu na kujaza chini, akaambiwa: hapa jaza tu.

Nikifika hapa wenzangu hunikatiza. Sawa, wanasema, lakini Bukavu?

Bukavu imejengwa kwenye milima ya udongo mwekundu, udongo uliotokana na mawe ya volkeno yaliyooza kwa maelfu ya miaka. Ukikauka mwezi wa saba, unaugonga kwa jembe na jembe linarudi. Mvua za Septemba hadi Mei zikiingia ndani yake, ni kitu kingine kabisa. Nguvu yake yote inategemea maji yaliyomo ndani, ambayo hayaonekani, kama vile nguvu ya ardhi ya Yakutsk inavyotegemea barafu ambayo haionekani. Kilichoishika ni miti na majani, na sisi tumeviondoa.

Wakazi wa Kadutu, sehemu ya mji wetu, hawahitaji kuambiwa. Mteremko wa Funu unatembea, na watu wanaishi juu yake kwa maelfu. Mwaka 2022 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kwa kulinganisha picha za angani na za setilaiti za miaka takriban 70 za mahali hapo. Walionyesha kwamba mwendo wa ule mlima umeongezeka kadiri mji ulivyopanda juu yake, na wakauhusisha na mji kuvuruga njia za maji ardhini. Nilipoisoma nilikumbuka vile viwanja vitatu vya Fairbanks. Huku ni maji, kule ni barafu, lakini anayeuvua mlima ni yuleyule.

Barabara ya kutoka Bukavu kwenda Nyangezi na Ngomo mpaka Kamanyola naijua kwa miguu. Kuna mzee mmoja, kantonye, yaani mtunza barabara, ambaye amezibua mifereji ya pale tangu mimi sijaanza kazi. Siku moja nilikuwa napanga mashine juu ya kona, akaja akasimama kando yangu, akanionyesha kijito kidogo kilichotoka kwenye ukuta wa barabara.

“Mwana,” akasema, “hii mayi haikuwakaka hapa.”

Nikamuuliza, “Ilikuwaka wapi, papa?”

Akanyoosha kidole juu, karibu na migomba. “Kule. Imeshuka. Mulima inatembea.”

Tulipanda pamoja. Chemchemi ya zamani ilikuwa imekauka, na watoto waliokuwa wakichota pale sasa wanachota chini. Mikaratusi iliyo juu ya kona ilikuwa imepinda kwenye shina, karibu na ardhi, kisha imenyooka kwenda juu. Mti ukisukumwa na ardhi unainama, halafu unaendelea kulitafuta jua, ndiyo maana kipindo kinabaki chini. Ukiwa na umri wa mti unaweza kukisia mwendo ulianza lini. Juu zaidi tukakuta ufa kwenye shamba la mihogo, umefunikwa na majani, kiatu changu kikaingia mpaka kifundo. Mzee hakushangaa. Aliniambia mwenye shamba huufukia kila mwaka. Nilipima ufa, nikapima mti, nikaandika mahali pa chemchemi mbili, ya zamani na ya sasa, na nikamwomba anitajie kila mahali pengine ambapo maji yamehama. Alinitajia mpaka jua likaanza kushuka.

Maarifa ya namna hiyo hayamo katika ripoti zetu nyingi, na hilo ndilo linaloniuma. Niliwahi kusoma uchunguzi wa udongo wa mradi mmoja wa barabara katika milima hii. Mashimo yote ya kutoboa yalikuwa yamechimbwa juu ya barabara ya zamani, kwa sababu hapo ndipo gari la kutobolea lilipoweza kusimama. Hakuna shimo hata moja lililokuwa kwenye mteremko wa juu, hakuna kwenye mteremko wa chini. Majedwali yalikuwa mazuri, udongo wa katikati ya barabara ulikuwa mzuri, kwa kuwa ulishindiliwa na magurudumu kwa miongo mingi. Mvua zilipokuja, kilichoondoka ni ukingo wa chini, ambao hakuna aliyeuuliza kitu.

Tunapata fedha za lami kabla hatujapata za uchunguzi. Lami inaonekana, inazinduliwa, inakatiwa utepe. Ufito wa chuma hauna sherehe. Nakubali kwamba umaskini wetu ni wa kweli, na kwamba mashine ya kutoboa mteremko wa Ngomo haipatikani kirahisi. Lakini ufito, chupa ya kuangalia udongo, kamba ya kupimia ufa, picha za setilaiti ambazo siku hizi zinapatikana bure, na kumsikiliza kantonye kabla ya kuchora mstari, hivyo vyote tunaviweza. Tarehe 4 Mei 2023, huko Kalehe, kando ya ziwa Kivu, maji na matope viliangukia Bushushu na Nyamukubi, na waliokufa walipita 400. Pale si suala la barabara peke yake, ni watu walioishi kwenye mdomo wa mabonde. Anayesoma ardhi kwa ajili ya barabara anayaona mabonde hayohayo, na ana wajibu wa kuyaandika hata kama barabara yake haipiti hapo.

Kitu kingine nilichokichukua kaskazini ni habari ya kando ya barabara. Huko theluji inayosukumwa pembeni na greda inalundikana kwenye miteremko ya tuta, inaifunika, joto la kiangazi linashindwa kutoka, na ukingo unayeyuka huku katikati kukiwa kumeganda. Lami inapasuka kwa urefu, sambamba na ukingo. Maji yakituama mguuni mwa tuta yanafanya vilevile. Kwa hiyo mchunguzi mzuri hapimi tu pale gurudumu litakapopita. Anauliza barabara yenyewe, ikishajengwa, itayapeleka wapi maji, theluji na joto. Swali hilo la maji nalihamisha kwetu lilivyo. Kila dalo, yaani mfereji wa kuvusha maji chini ya barabara, tunaloliweka linakusanya maji ya mlima mzima na kuyatema mahali pamoja. Mahali hapo palikuwa na nini kabla? Nani anaishi chini yake? Nikiona mchoro wa barabara ambao mstari wa dalo unaishia kwenye ukingo wa karatasi, naurudisha.

Na kazi haiishi barabara ikifunguliwa. Kati ya mwaka 2007 na 2016 pamafrosti ilipata joto kwa wastani wa karibu nyuzi 0.3 duniani, kwa vipimo vya mashimo yenye vipimajoto. Nyuzi 0.3 kwa ardhi iliyoko nyuzi sita chini ya sifuri si kitu cha kuogopesha leo. Kwa ile iliyoko nusu nyuzi, ni zaidi ya nusu ya akiba yake. Barabara zilizochunguzwa vizuri miaka ya 1970 zinachunguzwa upya, kwa kuwa ardhi iliyopimwa wakati ule siyo iliyopo sasa. Hakuna mhandisi wa huko anayeichukua ripoti ya baba yake na kuichorea barabara mpya.

Kwa upande wetu tumekubaliana, mafundi wachache pamoja na yule mzee, kupiga vigingi vya chuma vyenye namba juu na chini ya kona zile zinazotutia wasiwasi kati ya Nyangezi na Ngomo, kila mstari ukianzia kwenye mwamba ulio imara. Tutavipima mwezi wa saba, ardhi ikiwa kavu, na tena mwezi wa nne, mvua ikiwa imeshiba ardhini. Daftari litakaa kwa mzee, kwa sababu yeye ndiye anayepita pale kila siku, na mjukuu wake anajua kusoma mita. Mwenye vipimo vya zamani vya barabara hiyo, hata vya karatasi zilizoliwa na mchwa, anitafute. Tutavinakili mbele yake na kumrudishia.